Ramani Iliyolazwa Chini ya Vyuma

Pale kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, mchora ramani wetu tulimbandika jina la Mama Vipele, wala hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuziinua ramani: kuta, milango na ngazi zivimbe juu ya karatasi ili asiyeona asome kwa vidole, na mwenye macho hafifu apate herufi nene nyeusi juu ya manjano. Alilelewa na shangazi yake asiyeona, na huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi wake.

Hospitali ilipoagiza ramani ya majengo yake, ya majaribio aliitengenezea nyumbani. Ukumbi aliubandika kwa uzi, ngazi kwa punje za mchele, mlango wa choo kwa kipande cha msasa. Shangazi akapapasa, akasonya.

"Mchele umeujaza mno. Vidole vyangu ni kuku?"

Akaupunguza. Lakini alichokuwa akikitafuta shangazi ni kile choo. Siku ya kliniki hanywi hata chai, asije akabanwa, akalazimika kumwomba mwanamume asiyemjua amshike mkono mpaka msalani. Kuna siku aliachwa mlangoni mwa stoo, msindikizaji yuko kwenye simu. Mtu mzima, mgonjwa wa sukari, anajinyima maji kwa aibu isiyo yake! Nikikumbuka naona kinyaa.

Ramani zilichapwa, vipele vikasimama vizuri. Jioni fundi wa mashine, tuliyemwita Nyoosha, akafanya kama afanyavyo kwa kila kazi: akazipanga na kuzilaza chini ya vyuma vizito zisijikunje. Mazoea yana taabu. Asubuhi zilikuwa bapa kama sakafu. Nyoosha alijishika kichwa, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, na huyo nilimsamehe.

Bosi sikumsamehe. Alizitazama kwa mbali, kikombe mkononi.

"Mbona safi tu? Rangi zimekaa."

"Bosi, hazisomeki," Mama Vipele alisema. "Tuchape upya."

"Kwani asiyeona atajuaje kama zimeharibika?"

Akacheka, chai ikimchuruzika kidevuni.

Zikapelekwa hivyo hivyo, moja ikabandikwa ukutani penye lango la hospitali. Siku ya uzinduzi bosi akataka shangazi apigwe picha akiisoma. Mama Vipele alikataa katakata, shangazi akasema, "Niache niende, mwanangu." Akaweka viganja vyote viwili, akapapasa kona hadi kona, taratibu, wapiga picha wakimsubiri.

"Ukuta mmeupaka vizuri," akasema. "Ramani yenyewe iko wapi?"

Wakacheka! Mganga mkuu akamwambia bosi, "Atazoea tu," wakapeana mikono, wakaenda kunywa soda. Watu wazima na tai zao. Hakuna hata mmoja aliyegusa ile karatasi kwa kidole.

Mama Vipele alifungua mkoba, akatoa ile ya nyumbani, yenye uzi, mchele na msasa, akaibandika kando ya ile bapa. Shangazi akaufuata uzi, akakuta msasa, akatabasamu. Akachukua fimbo yake, akaenda peke yake, akarudi mikono imelowa maji.

"Sabuni yao inanuka," alisema, na furaha imemjaa usoni.

Wiki iliyofuata waliibandua. Msimamizi wa usafi alisema mchele unaita mende, tena kitu chenyewe kinatia aibu wageni wakija. Ile bapa ipo bado, inapanguswa vumbi kila asubuhi, na kila apitaye anaisifu. Wanaisifu kwa macho, mafedhuli wakubwa.

Leo ni siku ya kliniki. Nilipita kwao kumchukua Mama Vipele twende kazini. Shangazi alikuwa ameshavaa, amekaa mezani na fimbo yake magotini. Chupa ya chai ilikuwa imejaa, na kikombe chake kimepinduliwa, kikavu.