Mlango wa Mbele wa Bibi Skola

Nichekeni sasa hivi kabla sijaanza, maana tukifika mwishoni sidhani kama mtakuwa na hamu hiyo. Sumbawanga mjini, kwenye mtaa wa maduka ya zamani, wako watu ambao mpaka leo wakiniona wanaulizana kwa sauti, "Eti mahindi yanauzwaje?" na mimi napita nikiangalia viatu vyangu.

Chanzo ni mapenzi. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na mtaa ule ulikuwa umeniteka: nyumba za matofali mabichi zilizojengwa na wafanyabiashara wa zamani, baraza ndefu zenye nguzo za mninga, mabati yaliyoshika kutu mpaka yakafanana na udongo wa Ufipa uliolowa. Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bibi Skolastika, mjane wa fundi cherehani aliyeanza kwa kupanga baraza tu ya kushonea, akaishia kuinunua nyumba nzima. Mlango wake wa mbele ulikuwa wa vipande viwili, mzito, wa bluu iliyopauka, na nilikuwa nimeuandikia kurasa nyingi (rafiki yangu Osmundi alizisoma zote, kisha akaniuliza, "Sasa mshikaji, watu wanaingia lini?").

Zikaja habari kwamba mtaa unajengwa upya. Kamati ya wataalamu ingepita nyumba kwa nyumba: iliyo imara na yenye historia itabaki, iliyo hatari itavunjwa. Bibi Skola hakutaka kuhama. Kwa binti yake, kule mtaa wa Malangali, chumba kilikuwepo, lakini aliniambia, "Mume wangu" (bibi zetu hututania hivyo), "mimi nimezalia humu, nimefiwa humu. Wewe unayejua maneno, kazungumze nao." Nikakubali, kifua mbele.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ukungu umelala juu ya mapaa. Kamati ikaja ikiongozwa na mama mmoja mhandisi mwenye viatu vyeupe. Wakamwamkia Bibi, naye akawaonyesha uchochoro wa pembeni, "Karibuni, tupite nyuma, ndiyo njia yetu." Nikautazama ule uchochoro: tope, banda la kuku, maji yaliyooshewa vyombo. Nikaona aibu, tena aibu ambayo haikuwa yangu, nikasema, "Hapana Bibi, wageni kama hawa wanaingilia mbele."

"Mbele kuna mahindi, baba."

Nilijua kuna mahindi. Nyumba ipi Sumbawanga haina mahindi? Nusu ya mji inalima, na duka lisilouza kitu ndilo ghala. Nilidhani ni magunia mawili matatu, tutayaruka. Sikujua kwamba yeye na wanawe walikuwa wamemimina humo mavuno yote, yakiwa yamepukuchuliwa, bila magunia, mpaka usawa wa kifua cha mtu, na kwamba mlango ule uliokazwa kwa nje kwa komeo na waya ndio uliokuwa umeyazuia yote.

"Usifungue," Bibi akasema.

Nikafungua, huku nahutubia. Nilikuwa nimefika kwenye "mlango huu, waheshimiwa, ndio kumbukumbu ya mji wetu" pale waya ulipoachia, vipande vyote viwili vikanipiga kifuani, nikaenda chali barazani, na mahindi yakaja juu yangu kwa mngurumo, yakaniingia kwenye shati, masikioni, mdomoni (nilikuwa bado nahutubia), yakavuka baraza hadi kwenye viatu vyeupe vya mhandisi. Kuku wakafika kabla ya msaada. Mtaa mzima ulicheka. Osmundi alishika nguzo asianguke, akapiga kelele, "Mwandishi kavuna!"

Kisha fremu ya mlango, iliyokuwa imeoza kwa ndani, ikafuata mahindi. Boriti ya juu ikashuka, na ukuta uliolowa ukaketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyecheka tena.

Nikainuka nikitema punje. "Ukuta ulikuwa imara, ni mimi tu nilifungua vibaya!"

Mhandisi hakunigombeza. "Ndugu yangu, nyumba imara unafungua mlango, inabaki imesimama." Akamgeukia Bibi, akapunguza sauti. "Mama, usilale humu leo."

Tukazoa mahindi kwa ndoo na sahani, mimi na majirani, mvua ikitupiga. Mengi yalikuwa yameshachanganyika na tope la ule ukuta. Bibi alizoa pamoja nasi. Wiki hazikupita nyingi, nyumba ikavunjwa.

Nilichelewa sana kwenda Malangali, alikohamia Bibi. Nilipokwenda, nilimkuta na jirani yake mpya, mama wa makamo, wakichagua maharage. Nikamwamkia.

"Marahaba, mume wangu. Umekula?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu ndiye mwenye maneno. Mwambie basi nyumba yangu ilivyokuwa."

Nikaeleza nguzo, baraza, mabati, ile bluu. Nilieleza vizuri, nadhani.

"Na ndani?" jirani akauliza.

Nikaanza tena na mlango. Bibi akaona ya ndani siyajui, akaendelea mwenyewe. "Chumba cha mbele kilikuwa na misumari ukuta mzima. Marehemu mume wangu alitundika hapo nguo za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Alikuwa hazigawi. Alisema watakuja." Akarudi kwenye maharage yake.

Kurasa zangu nimezifuta. Sitaisifu tena nyumba niliyoijulia barabarani, na mlango wa mtu sitaugusa mpaka mwenyewe aniambie nifungue.