Manang Simang na Mzee wa Ziwani

Felicisima Palmares, ambaye mtaa wetu mzima wa Molo tulimwita Manang Simang, yaani dada mkubwa Simang, alitumia nusu ya maisha yake akiwa mama mkwe mkatili katika michezo ya redio. Hata akiagiza kahawa ungedhani anakufukuza nyumbani. Redio ilipoacha michezo na kuanza kupiga muziki mchana kutwa, alibaki na sauti ile bila mkwe wa kumtesa, maana watoto wake wawili walikuwa wamepata wenzi na kuhamia mbali, kwa busara.

Hapo ndipo Arnel Tupas alipomwendea. Arnel alikuwa mwalimu wa kuchora majengo, naye na wenzake walikuwa wamefungua sinema ndogo juu ya duka la mikate. Waliiita sinema ya jamii: viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani, magunia madirishani, na filamu moja kila Jumamosi alasiri. Jamii yenyewe ilikuwa bado haijaarifiwa. Walikaa wao kwa wao, wakatazama filamu waliyoichagua wao, kisha wakaijadili wao.

"Manang, tupitishie matangazo mitaani," Arnel alimwambia. "Traisikeli ipo, kipaza sauti kipo. Useme tu Jumamosi kuna nini."

"Kuna nini?"

"Filamu ya wachungaji wa milimani. Nzuri sana. Ya taratibu."

"Taratibu kiasi gani, Toto?" Alimwita hivyo kila kijana wa kiume.

Arnel alifikiri. "Kuna kondoo anapotea."

Manang Simang akaondoka na kondoo wake huyo. Kesho yake tulimsikia akipita sokoni ndani ya ile pikipiki ya magurudumu matatu: "Jumamosi hii, juu ya duka la mikate. Ndugu wawili, kondoo mmoja, na mwanamke anayejua siri. Nani alilala zizini? Njoo uone, kama moyo unakuruhusu."

Viti havikutosha. Mwanamke hakutokea wala siri, na aliyelala zizini alikuwa kondoo. Watu walishuka ngazi wakinung'unika, lakini Jumamosi iliyofuata walirudi, kwa sababu safari hiyo Manang alikuwa ametangaza sumu. Filamu yenyewe ilihusu mwanafunzi wa piano. Osang, muuza samaki, aliuliza kwa sauti gizani, "Sumu inakuja lini?" na jirani yake akamjibu, "Subiri, bado anavaa viatu."

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi, mpaka Arnel akashindwa kuvumilia. Kamati ya sinema, yaani yeye na wenzake, ikamwita Manang.

"Unawadanganya watu," Arnel alisema.

"Nawaleta watu."

"Wanakuja kutafuta vitu visivyokuwepo."

"Zamani walikuwa hawaji kutafuta vilivyokuwepo. Lipi afadhali?"

Walipiga kura, na ikaamuliwa kuwa kuanzia siku hiyo aseme ukweli mtupu. Manang alikubali kwa upole uliotutia wasiwasi. Aliomba tu asimuliwe filamu ijayo yote, mwanzo hadi mwisho, na Arnel akamsimulia kwa furaha.

Siku ya soko traisikeli ikapita polepole. Sauti ilikuwa ileile ya mama mkwe, ila safari hii imenuna.

"Jumamosi hii, mzee anakaa kando ya ziwa. Analitazama. Hasemi neno. Baada ya saa mbili anarudi nyumbani. Hakuna siri. Hakuna mwanamke. Nimeambiwa niseme hivyo, na nimesema."

Osang aliacha kupara samaki. "Nimeambiwa niseme hivyo," alirudia. "Mmesikia? Wamemtisha. Humo ziwani kuna maiti."

Jumamosi watu walijaa mpaka ngazini. Kwa saa mbili hakuna aliyekohoa. Macho yote yalikuwa kwenye yale maji. Mzee alipopepesa macho, ukumbi mzima ulishusha pumzi. Alipoinuka na kwenda zake, Osang alisema taratibu, "Ameona. Na hasemi ng'o." Wakabaki vitini wakibishana mpaka mwenye duka la mikate akapanda kuuliza kama kuna msiba.

Arnel alisimama mlangoni, macho yamelowa. "Tumewaelimisha," aliwaambia wenzake.

Filamu ikaombwa tena. Safari hiyo Manang Simang, ambaye siku zote alikaa chini dukani akila mkate wakati wengine wakitazama, alipanda ngazi kwa mara ya kwanza. Maneno ya sokoni yalikuwa yamemshinda. Hata yeye alitaka kujua kuna nini ziwani. Alikaa mbele kabisa, ubavuni mwa Osang, na hakusinzia.

Taa zilipowaka alikuwa amekunja uso.

"Hakuna kitu," alisema.

"Si ulituambia mwenyewe?" Osang akamcheka.

"Niliwaambia, ndiyo. Sikujua ni kweli."

Kisha akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, redioni wala mitaani, "Ila pale mzee aliposhika ule mti kabla ya kuinuka. Marehemu mume wangu alishika mlango vilevile, siku aliyotoka kwa daktari. Nikamuuliza amesemaje. Akasema anataka chai."

Osang akamwekea mkono begani, akauacha hapo muda mrefu. Nadhani alimhurumia kweli.

Asubuhi yake soko zima lilijua kwamba mzee wa ziwani anaumwa ini na anamficha mkewe ugonjwa huo, na Arnel akaombwa airudishe filamu mara ya tatu.