Injini Itatoka Wapi

Mithika wa Muthara, kule Meru, alikuwa kiguu na njia tangu ujana wake, na asikudanganye mtu kwamba ni kazi iliyomfanya hivyo. Kazi ilimkuta hivyo hivyo, ikamlipa tu. Aliendesha pikapu ya miraa. Mchana vibunda vinafungwa kwa majani ya mgomba, jua likielekea kuzama keshaipita Embu, mguu umekandamiza mafuta mpaka sakafuni, anawahi Nairobi. Miraa ni mali isiyongoja. Ikichelewa inanyauka, na ikinyauka mpe mbuzi. Mtu aliyefundwa na miraa hana subira hata ya kungoja chai ipoe.

Kisha, katikati ya mwaka 2014, Waingereza wakaifungia miraa soko lao. Safari zikapungua, na Mithika akajikuta nyumbani siku nyingi kuliko zote tangu aoe. Mwathani, Mungu wangu! Mkewe Marcella alisema ni kama kufuga nyati jikoni. Akikaa, goti linachezacheza. Akilala, anaamka kwenda kukagua upepo wa tairi. Simu ikilia kwa jirani, yeye ndiye anayeshtuka.

Likizo ya Agosti ilimleta Karambu nyumbani, binti yao wa pekee, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni kule Kaaga. Msichana mpole, mwenye adabu zake, na adabu hizo ndizo zilizomkera baba yake bila yeye kujua kwa nini. Alimsogezea kiti. Alimuuliza kama chai imekolea sukari. Mgeni ndiye huulizwa hivyo. Mwanao hakuulizi habari za sukari, anazijua.

Siku moja alimjia na ukurasa wa gazeti aliopewa kwenye chama chao cha sayansi. Kulikuwa na picha ya gari dogo la viti viwili, halina paa, taa zimetokeza mbele kama macho ya chura.

"Baba, hili ni gari la kujiundia. Unanunua vipande, mnaunga wenyewe nyumbani. Wameandika ni kazi ya mzazi na mtoto."

"Mzazi gani?" akauliza Mithika, bila kufikiri.

"Wewe."

Basi alishtuka huyo! Tangu Karambu aote meno ya ukubwani hakuwahi kumwomba baba yake kitu kingine zaidi ya viatu na karo, na hata hivyo alivipitisha kwa mama. Mithika aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili. Alielewa kwamba mlango umefunguliwa kidogo, na akiuharibu huu hautafunguliwa mwingine. Akasema ndiyo kabla hajauliza hata gari lenyewe linauzwa wapi.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu wauzaji walikuwa wawili na Mithika alikuwa mmoja.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye ofisi ya vioo na kiyoyozi. Seti yake ilikuja kamili: fremu imeshachomelewa, bodi imeshapigwa rangi, injini mpya iko ndani ya kreti, na kila nati imefungwa kwenye mfuko wenye namba. "Mzee, hii ni siku mbili tu," alisema yule kijana. "Jumamosi mnafunga, Jumapili mnaenda nayo kanisani." Mithika nusura amkumbatie. Siku mbili! Huyu ndiye mtu anayejua biashara.

Wa pili alikuwa fundi Ndambiri wa mtaa wa Majimbo, Embu, mwalimu mstaafu wa ufundi, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake na maneno machache kama mtu anayelipia kila moja. Yeye aliuza mabomba ya chuma, mabati ya bodi, usukani na michoro. Kukata mnakata wenyewe, chini ya jicho lake, naye anachomelea. Kupinda bati, kutoboa, kupaka rangi, yote yenu.

"Itachukua muda gani?" Mithika aliuliza.

"Mkija kila Jumamosi ya likizo, labda mwaka. Labda na nusu."

"Na injini itatoka wapi?"

Ndambiri alinyoosha kidole dirishani. Pale uani ilikuwa imesimama pikapu ya Mithika, Hilux, matope ya Muthara bado mbichi kwenye mudgadi. "Fremu zangu nimezipima kwa injini kama ile. Unaleta gari kuukuu, tunalichinja, tunachukua injini, gia na ekseli. Mtu asiye na gari la kuchinja simuuzii. Nimechoka kuona fremu zangu zikigeuka mabanda ya kuku."

Kuchinja pikapu! Mithika aliondoka hata bila kuaga sawasawa. Njia nzima, kuanzia Runyenjes mpaka Chuka, alikuwa akigombana na kioo cha mbele. Pikapu ile ndiyo iliyojenga nyumba. Pikapu ile ndiyo yeye. Mtu anaweza kukwambia uuze shamba, ukamvumilia. Lakini akutazame machoni akwambie uchinje miguu yako mwenyewe?

Hata hivyo hakumlipa yule wa Nairobi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Alimpigia kijana simu, akakata kabla haijapokelewa. Aliota mabomba. Alimuuliza kila dereva stendi ya Meru, na kila mmoja alikuwa na neno lake.

"Baba Karambu," Marcella alimwambia wakipukuchua mahindi, "mchagua nazi hupata koroma."

"Nazi zenyewe umeziona wapi wewe, mtu wa bara, wa Tigania?"

"Koroma ninalo hapa, linapukuchua mahindi." Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Chagua, bwana. Mtoto anakua. Hangoji."

Siku ya wazazi kutembelea shule ilifika mwezi wa kumi. Walitandika leso kwenye nyasi, wakapakua chapati na nyama. Mithika hakujiweza, alitoa habari kabla ya baraka ya chakula. Amepata muuzaji! Wa Nairobi! Kila kitu kimekamilika, injini mpya, siku mbili gari limesimama!

Karambu alikuwa amekunja chapati nusu. "Siku mbili?"

"Mbili tu, mama yangu."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu tunaendesha."

"Na ya nne?"

Ya nne, kwa kweli, Mithika alikuwa ameshaihesabu kuwa ya safari. Mzigo wa Desemba huwa mzuri. Na uso wake haukuwahi kujifunza kuficha kitu.

"Chapati ni tamu, mama," Karambu alimgeukia Marcella. Akala kwa adabu, na baba yake akahisi ule mlango ukifungika taratibu. Walipokuwa wakiaga ndipo binti aliposema, macho yake yakiwa kwenye majani, "Baba, kabla hujalipa, nipeleke nimwone huyo mwingine. Mama aliniambia yuko mwingine."

Mithika alimkata mkewe jicho. Marcella alikuwa anakung'uta leso, anatazama mawingu.

Basi Desemba, shule zikiwa zimefungwa, baba na binti walishuka Embu. Ndambiri hakumsalimu Mithika kwa furaha wala kwa kinyongo. Alimpa Karambu mkono, akamuuliza kama anaogopa kelele, akaambiwa hapana. Akawapa kila mmoja msumeno wa chuma na kipande cha bomba chenye alama ya chaki.

"Kateni hapo. Ukataji ukinyooka, tutazungumza."

Karambu alifunga bomba lake kwenye jiriwa ya kubania mezani, akavuta msumeno polepole, akisimama kila mara kutazama upande wa pili. Mithika alikata kama anayefukuzwa na polisi. Akamaliza kwanza, jasho likimtoka, akamkabidhi fundi. Ndambiri aliweka pembemraba, kile kipimo cha pembe, juu ya bomba. Mwanga ulipita chini yake.

"Limekwenda upande. Rudia."

Alirudia. Likaenda upande. Akarudia tena, huku akitukana kimoyomoyo msumeno, chuma na ukoo wote wa Ndambiri. Karambu alimtazama, akaangua kicheko. Kicheko cha kweli, cha tumboni, ambacho Mithika hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho. "Baba, hilo bomba umelikata au umeliuma?" Mithika aliona haya na akafurahi kwa pamoja, hakujua ashike lipi.

Simu ikalia hapo hapo. Alikuwa Kinyua, tajiri wa miraa wa Muthara. Dereva wake ameshikwa na homa, mzigo uko tayari, bei leo ni ya sikukuu, na hakuna mwingine anayemwamini barabarani. "Unaweza kufika kwa saa ngapi?"

"Nakuja," Mithika alisema. Neno lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Damu ilikuwa inamchemka vizuri sasa, ule mchemko aliouzoea. Alichukua jaketi. Alimwambia Ndambiri kwamba kumetokea jambo, atarudi wiki ijayo, labda. Akaingia kwenye pikapu, akawasha. Injini ile, nakwambia, ilikuwa na sauti nzuri; haikuwahi kumwangusha hata siku moja. Akatia gia ya nyuma, akageuza shingo aangalie njia, na macho yake yakapitia karakana.

Karambu alikuwa ameinama juu ya jiriwa, anakata. Hakuinua kichwa. Hakutoka mlangoni kumpungia, hakununa, hakukunja uso. Gari la baba yake lilikuwa linaunguruma hatua chache kutoka alipo, linaondoka, na kwake hiyo ilikuwa sauti kama ya mvua. Amekua nayo. Msumeno ulikwenda na kurudi kwa mwendo ule ule.

Jambo hilo lilimchoma Mithika mahali ambapo hakujua pana uhai. Angelia, angeweza kumbembeleza. Angekasirika, angemkemea na kuondoka na moyo mwepesi. Alikaa kidogo na mguu kwenye klachi. Kisha akazima, akashuka, akarudi.

"Karambu."

"Baba."

"Mbona hukuniuliza naenda wapi?"

Alisimamisha msumeno. Alifikiri swali hilo kwa makini, kama anavyofikiri mwanafunzi mzuri. "Kwani ulishawahi kusema?"

"Sasa ungerudije nyumbani?"

"Nauli ninayo." Aligusa mfuko wa sweta. "Mama alinipa asubuhi."

Asubuhi! Kabla hata hawajatoka getini. Kabla chai haijanywewa, wale wawili walikuwa wameshapanga namna ya kuishi na kuondoka kwake, bila chuki, kama watu wanavyobeba mwavuli. Mithika alisimama katikati ya karakana, mikono imening'inia, na aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko yeye. Simu ikalia tena. Kinyua. Akaizima kabisa.

"Fundi," alisema, "hii kazi ya kuchinja gari. Huanzia wapi?"

Ndambiri alimtazama, akatazama pikapu, akamtazama tena. "Huanzia kumwaga oili. Lakini ukimwaga leo, bwana, leo haliendi popote. Na kesho vilevile."

"Nimesikia."

"Una hakika?"

"Sina," alisema Mithika. "Leta spana kabla sijaipata akili yangu."

Karambu ndiye aliyeingia chini, kwa sababu alikuwa mwembamba na Mithika hakuiamini mikono yake. Alimwelekeza kutoka nje, amechuchumaa, shavu karibu liguse ardhi: si nati hiyo, ile kubwa, geuza upande wa kushoto, jihadhari na uso wako, oili bado ina moto. Nati ilikataa, kisha ikakubali. Oili ilishuka nyeusi, ikajaza beseni polepole, na Mithika akaitazama yote mpaka tone la mwisho. Goti lake lilikuwa linacheza. Alilishika kwa mkono.

Karambu alitoka na mafuta kwenye paji la uso. Alitazama beseni, akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana kuwa na wasiwasi.

"Baba, lakini nauli aliyonipa mama ni ya mtu mmoja."

"Nyingine nitaitafuta mimi," Mithika alisema. "Nipe huo msumeno kwanza. Nionyeshe ulivyokuwa unakata."