Njia ya kutembeza wageni niliyoipaka rangi mwenyewe, na jinsi ilivyonipita

Wakuu, habari za asubuhi, na shikamooni kwa walionizidi umri, ingawa humu nadhani hamfiki watatu.

Nianze na hasara ili msije kuniuliza mwishoni. Jambo hili lilinigharimu kazi ya mshahara, kopo zima la rangi nyeupe ya mafuta, na viatu vya raba jozi moja. Nimehesabu mara mbili.

Haya ni yaliyonikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Palipo aibu nitaiacha ilivyo.

Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru. Mimi kijana, navunja kokoto Msambweni kwa malipo ya debe. Nilikuwa nimemtaka Mwanasiti, binti wa Mzee Salimu, na Mzee Salimu alikuwa na sharti moja tu: mkwe awe na mshahara.

Si kibarua, si uvuvi wa leo upo kesho haupo. Mshahara wa mwezi.

"Kokoto zinaisha, mwanangu," aliniambia. "Mshahara una tarehe."

Mzee huyo alikuwa mchoma chokaa, na ana minazi sitini kuzunguka nyumba yake. Sitini na mbili, nikihesabu na miwili iliyoinamia kwa jirani.

Sasa, kijiji chetu ni cha kale. Kuna msikiti wa mawe usio na paa, makaburi ya nguzo, na kisima ambacho kamba za ndoo zimekata mifereji kwenye mawe yake. Ukipanda kilima cha nyuma unakiona kisiwa cha Funzi chote. Sisi tulipaona mahali pa kuchunga mbuzi.

Akatokea mama mmoja Mzungu mwenye nyumba za wageni Diani. Tulimwita Mama Kofia, kwa sababu ya kofia. Wageni wake walikuwa wamechoka kulala mchangani, wanataka kutembea mashambani. Kutembea tu, wakuu. Bila kwenda mahali.

Nikamwambia njia ninazo. Tukavutana, akaniwekea mtihani. Nitie alama njia moja ya mzunguko, maili tatu, kuanzia kisimani na kurudi kisimani. Jumamosi wageni wanne wataifuata wenyewe, bila mtu mbele na bila kuuliza. Wakirudi kabla ya saa sita mchana, nimeajiriwa kwa mwezi kuangalia njia zake zote hadi Jego.

Akanipa brashi, kopo la rangi nikalinunua mwenyewe. Viatu pia nikanunua, maana niliona haifai mtu wa mshahara kupita peku.

Alhamisi nikapaka. Mstari mmoja mweupe kifuani pa mnazi, kila penye njia panda. Alama arubaini. Nikarudi kuhesabu nikapata arubaini na moja, nikaona afadhali izidi.

Hapa ndipo nilipokosea, na watu wa Pwani mmeshaliona kosa.

Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Shamba laweza kuwa langu na minazi iliyomo ikawa yako, na ile mitatu ya pembeni umeiweka rehani kwa shemeji. Kwa hiyo mtu akiamka akakuta mnazi wake una alama asiyoijua, hawezi kunywa chai kwa utulivu.

Na ilikuwa miaka ile ya maneno ya kupimwa ardhi. Kila gari likisimama barabarani, watu wanatoka kutazama kama limebeba minyororo ya kupimia.

Mimi sikuuliza mtu wala sikumuaga mtu. Ijumaa alfajiri nikashika njia ya Diani kumwambia Mama Kofia kazi imekwisha, nikalala huko huko nirudi na gari la wageni.

Huku nyuma, baada ya sala ya Ijumaa, kijiji kikagawanyika. Hili nililijua baadaye.

Kundi la kwanza lilisema minazi yenye alama itakatwa, barabara inakuja. Hao wakachukua mapanga, wakaparua alama zangu hadi ganda.

Kundi la pili lilisema minazi yenye alama italipwa fidia, kwa sababu hiyo hiyo ya barabara. Hao wakaongeza.

Mkuu wa kundi la pili alikuwa Mzee Salimu. Na kumbuka nimesema alikuwa mchoma chokaa. Alikuwa na pipa zima uani.

Jumamosi saa mbili asubuhi wageni wakaondoka kisimani. Wanaume wawili, wanawake wawili, mmoja ana miwani na daftari la kuandikia ndege anaowaona. Mimi na Mama Kofia tukakaa kivulini kusubiri.

Saa nne. Saa tano. Nikajiambia wanaangalia msikiti.

Saa sita Mama Kofia akatazama saa yake. Saa saba akala mkate wake bila kunikaribisha, nami nikajua hali imebadilika.

Saa nane akasema, "Wewe iende tafuta watu yangu."

Nikakimbia. Alama ya kwanza imeparuliwa. Ya pili imeparuliwa. Ya tatu ipo, ila karibu nayo kuna nyingine sita ambazo sikuzipaka mimi, zote zinaelekea upande mmoja. Nikazifuata. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope la bondeni, cha pili nikakitupa kwa hasira.

Zikanifikisha kwa Mzee Salimu.

Wageni wote wanne wamekaa mkekani, miguu mitupu, wanakula muhogo wa nazi. Yule mwenye miwani aliponiona akanionyesha vidole saba. "Mimi kwisha ona hii mbuzi mara saba," akasema. Kila njia waliyoshika kutoka pale ilikuwa na alama nyeupe, na kila alama iliwarudisha pale pale.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Punguza sauti, watu wako kazini."

"Kazi gani?"

"Wanahesabu minazi. Huyu wa miwani anaandika. Kila wakirudi namwonyesha ile aliyoisahau."

"Baba, hawa si watu wa serikali. Hawa wanatembea tu."

"Wanatembea kwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanazunguka, kisha wanarudi."

Mzee Salimu akawatazama mmoja mmoja, kwa huruma.

"Watu wazima," akasema. "Wanazunguka, wanarudi. Na hawajapotelewa na mbuzi?"

"Hawajapotelewa, baba."

"Basi waongeze muhogo."

Ndani nilimsikia Mwanasiti akicheka. Mtihani wangu ulikuwa umekufa tangu saa sita, na aliyeuua ni babake, na kumlalamikia siwezi.

Nikawarudisha kisimani saa kumi. Mzee Salimu akatusindikiza, maana kwake mgeni haachwi kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa natunga namna ya kuomba msamaha. Sikupata nafasi.

Wageni walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Kumbe katika ile mizunguko saba mzee aliwapitisha kila mnazi na kuwapa habari zake: huu ulipandwa alipozaliwa mtoto fulani, huu uliachwa na fulani aliyehamia Vanga, huu ni wa Mwanasiti. Aliwapeleka msikitini kwa sababu mpaka wa minazi yake unaishia hapo. Wanasema hawajapata kutembea matembezi kama hayo.

Mama Kofia akamtazama Mzee Salimu kuanzia kilemba hadi makubadhi.

"Mimi nataka hii mzee," akasema.

Akamwajiri pale pale, mbele yangu. Kwa mwezi.

Wakuu, nilirudi kwenye kokoto. Wiki nzima sikupita njia ya nyumba ile. Ndipo mjomba wangu, mtu wa kubishania bei hata ya kitu asichokinunua, akavaa kanzu akaenda kunisemea. Nilikaa nyuma yake nikiangalia mkeka.

"Kijana hana mshahara," Mzee Salimu akaanza. "Mshahara ninao mimi."

"Ndiyo hilo lililonileta," mjomba akasema. "Rangi ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Wazungu waliletwa na nani?"

"Yeye."

"Basi hiyo kazi ameileta yeye hadi mlangoni kwako, bwana. Wengine huleta mbuzi. Huyu ameleta mshahara. Ihesabu kuwa ndiyo mahari."

Mzee Salimu akahesabu kitu kwa vidole. Mwishowe akasema, "Wallahi, mbuzi hana tarehe." Tukaozwa baada ya mavuno.

Funzo nililopata: usitie alama kwenye kitu cha mtu kabla hujapiga hodi, hata kama nia yako ni safi na rangi ni yako.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Njia ile bado ipo. Wajukuu wa Mzee Salimu wanaiendesha, wameweka kibanda karibu na msikiti, na mwezi uliopita walinitoza kiingilio. Mimi! Nikawaambia njia hii nimeianzisha mimi. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba ni ya babu.

Nikafoka kwamba nitawapeleka kwa chifu wanirudishie haki yangu. Nilipofika nyumbani Mwanasiti alikuwa ameshapigiwa simu.

"Njia ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Basi hukuitoa kwa baba. Na kama hukuitoa, mimi mahari yangu iko wapi, miaka yote hii?"

Wakuu, nikidai njia, nadaiwa mahari. Nikikubali mahari nilitoa, nalipa kiingilio kama mtalii. Nimepiga hesabu mara mbili na kote natoka nimepoteza. Wanasheria, mashehe na waliooa Pwani, nipeni ushauri. Ananiuliza kila jioni tukikaa kula, na leo ameshaanza kutenga chakula.