Wembe wa Baba

Kesho yake baada ya kumzika kaka yangu, tulikaa uani, hapa Nkende, tunyolewe. Kwetu wanaonyolewa ni ndugu wa marehemu. Baba alishika wembe mwenyewe, mama akawa analowesha vichwa. Mimi nilikuwa nimeshanyolewa, upepo unanipiga kichwani, rafiki yake kaka alipoingia.

Wale wawili kila jioni walikuwa kwenye banda la kinyozi, wakicheza mbele ya spika mpaka vumbi linapanda, suruali zimewabana, nywele za katikati wamezipaka dawa zikawa njano kama mahindi. Sisi wasichana tulisimama ng'ambo ya barabara tukijifanya tunanunua miwa. Bandani hakuna aliyeuliza ukoo wa mwenzake. Nyumbani waliuliza. Kijana huyo alikuwa wa ukoo uliopigana na wetu mimi nikiwa mdogo. Baba anachechemea mpaka leo kwa mshale wao.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitikia.

"Nimekuja kunyolewa."

Baba mdogo akasimama. "Mura, kijana wewe, hicho kishungi cha jogoo umemletea nani? Kanyolewe kwenu!"

"Kwetu hakuna aliyekufa."

Mtu akacheka, akanyamaza. Baba alielekeza wembe kwenye kigoda. Kijana akakaa, akainamisha shingo.

Mama alikuwa na kikombe mkononi, lakini hamwagi. Wembe ulianzia kisogoni. Sitasema nilimwombea yule kijana. Nilitazama mkono wa baba tu. Ulikwenda polepole kuliko ulivyokwenda wakati wa kutunyoa sisi.

Damu ikatoka karibu na sikio. Baba mdogo akasogea hatua moja. Kijana hakuinua kichwa.

"Maji," baba alisema.

Mama akamwaga, mengi kuliko yaliyohitajika, yakamlowesha shati lote.

"Yule alikuwa hatulii," baba akasema, wembe ukiendelea. "Tangu mtoto. Mpaka nimbane kwa magoti." Tangu tutoke hospitali hakuwa amemtaja kaka. "Wewe afadhali."

Nywele za njano zilianguka juu ya zetu. Kaka tulimzika na za kwake.

Baba alipomaliza alimpangusa kijana ile damu kwa kidole gumba, akaufuta wembe kwenye suruali. Kijana alikuwa ameshainuka anaondoka, ndipo baba akasema, bila kumwangalia:

"Marahaba."