Gumba Lililopita Uani

Juzi nilikuwa hotelini Dodoma mjini nikisubiri chai, mhudumu akaniuliza kama nina haraka. Kutazama mezani, kumbe vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa vinakimbia, na gumba linapita chini yake kimyakimya. Nilicheka peke yangu.

Wewe uliyekua enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, utakumbuka redio kaseti zilivyoingia mpaka vijijini. Kwetu Mvumi aliyeanza kuwa nayo ni jirani yetu, karani wa serikali, na kanda yake moja ilikuwa ya piano ya jazi. Kulikuwa na mahali sauti zilimiminika kwa kasi, kama uwele unaomwagwa kwenye ungo. Mimi binti mdomo wazi nilijiuliza: mtu ana vidole vitano tu kila mkono, hizo sauti zote anazitoa wapi? Niliamini kabisa mpigaji yule ana vidole vya ziada.

Nikampelekea swali mwalimu wa muziki, mama asiyeona aliyefundisha kwa piano kuukuu ya kanisani. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanishika mkono.

"Piga vidole vitatu, halafu gumba lipite chini ya cha kati, uanze upya. Na ni fupi hilo, usilipandishe kwenye funguo nyeusi."

Rahisi kusema! Mimi nilikuwa nimelelewa na ilimba ya babu, kile kisanduku chenye vyuma kinachopigwa kwa magumba, na babu alitaka kila chuma kilie hasa. Basi kila gumba langu lilipopita, piano ilishtuka: ti-ti-ti-DU!

"Gumba lako linabisha hodi," mwalimu alinitania. "Lipitishe uani, mwanangu, wageni wasilisikie."

Mara ukaja uhamisho wake. Angeondoka karanga zikishavunwa, nami nikaapa hataondoka kabla sijamchezea kipande kile cha kwenye kanda. Nilifanya mazoezi mezani mpaka mlenda ukapoa na bibi akanigombeza. Jioni babu aliponiita tupige ilimba, nilimjibu, "Kesho, babu."

Siku ya mwisho, mizigo ya mwalimu ikiwa tayari mlangoni pa kanisa, nilikipiga kipande kile. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Gumba linapita lini?"

"Limeshapita, mwalimu."

"Sijalisikia!" Akanikumbatia. Nilikimbia nyumbani nikiona nimeumiliki ulimwengu.

Jioni hiyo babu akaniwekea ilimba mapajani. Nikapiga, na vyuma vikanong'ona tu. Alinitazama, hana hasira, ila anataka kujua kweli.

"Mjukuu wangu, yale magumba yako umeyaacha wapi?"

Nilicheka tu, utoto ule.

Piano ile imeliwa na mchwa. Ilimba ninayo, naitungua ukutani mara mojamoja, na magumba yangu bado yanapitia uani. Natamani yabishe hodi kwa nguvu zile za zamani, walau mara moja. Lakini babu, aliyekuwa akiitikia, hayupo tena, na ninammisi sana.