Dawa ya Nzi ya Nthenya

Wapo wasemao afe punda, mzigo ufike. Nthenya hakuupenda msemo huo hata kidogo. Aliyeutunga hakuwahi kubeba maji kutoka mtoni hadi kwa kina Nthenya, nje kidogo ya Wamunyu. Yeye aliyabeba miaka ishirini, mkanda wa kubebea mtungi ukimkata kwenye paji la uso, mpaka alipompata Syombua, punda jike mpole. Siku hiyo aliutundika mkanda jikoni, akaapa hataugusa tena.

Kiangazi hiki Syombua alipata kidonda mgongoni, nzi nao wakakifanyia karamu. Nthenya alichemsha majani ya mwarobaini, akakoroga na majivu na kipande cha sabuni, akampaka. Jasho lilipotoka, dawa ikatoka nalo. Punda akawa anapiga kwato kutwa, hali chochote, anakonda. Nthenya akaishiwa na maarifa, na mfa maji haachi kutapatapa.

Akaenda kwa shemeji yake Musau, mchonga vinyago. Musau alikuwa na mkebe wa dawa anayowapaka twiga wake wa mbao wasitobolewe na wadudu.

"Na haitamuumiza punda?" Nthenya aliuliza.

"Shemeji, mdudu ni mdudu. Kama inatoa dudu ndani ya mti, itashindwa na nzi?"

Hoja hiyo ilimwingia, kwa sababu alitaka imwingie. Akaimimina dawa ndani ya mwarobaini wake, akampaka punda mwili mzima kwa brashi ya Musau. Nzi wote wakatoweka. Syombua akatulia, akala, na Nthenya, maskini, akaimba. Mtoni aliwaringia wenzake kwamba mwenye punda anayesumbuka aje kwake.

Kesho yake Syombua alishinda akijilamba ubavu. Jioni akatokwa na mate, akatetemeka, akapiga magoti. Nthenya alimwosha kwa maji yote yaliyokuwa nyumbani, akimwomba msamaha kwa Kikamba, akijichukia. Kulipokucha punda alikuwa amekufa. Alilala juani hadi adhuhuri, na hakuna nzi hata mmoja aliyemsogelea.

Nyumbani hapakuwa na tone la maji. Nthenya akautungua mkanda, akaupangusa masizi, akashuka mtoni. Wakati wa kurudi, mtungi mgongoni, mikono yote miwili ikiushikilia mkanda, nzi walitua usoni mwake, wakaingia machoni na mdomoni. Hakuwa na mkono wa kuwafukuza.